Bonane ng'ambo ya ziwa: chakula chetu kilitoka wapi?

Baraka, Fizi.

Kila tarehe 1 Januari, ikifika saa tatu za usiku, simu yangu inalia. Ni shangazi yangu. Aliondoka hapa Fizi mwaka 1996, akakaa zaidi ya miaka 20 katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, na sasa yuko Marekani, jimbo la Kentucky, ambako wakati huo bado ni mchana. Swali lake la kwanza halibadiliki. Kabla hajauliza habari ya usalama, kabla hajauliza nani amezaa na nani amefariki, anauliza: "Mulipika nini?"

Nikimjibu kwamba tumekula bugali wa mihogo, sombe na mukeke, ananyamaza kidogo. Kisha anaanza kunieleza yeye amepika nini, kila kitu alikipata duka gani, na ni nani waliokuja kula. Mwaka uliopita alimaliza kwa maneno yaliyonikaa moyoni: "Ninapika, watu wanakula wanashiba, lakini nasikia kama nadanganya. Hii si chakula ya kwetu, ni mfano wake tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Najua wengi wenu mnahisi hivyo, mkiwa Nyarugusu, mkiwa Burundi, mkiwa Ulaya, au mkiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani hapa hapa Kivu. Nimefuatilia historia ya vitu vilivyomo kwenye sahani ya Bonane, kimoja kimoja, na ninayo mambo ya kumjibu shangazi.

Bonane yenyewe

Tuanze na jina. Bonane imetoka katika maneno mawili ya Kifaransa, bonne année, yaani mwaka mwema. Midomo yetu iliyaunganisha yakawa neno moja, na leo mtoto wa Fizi hajui kwamba liliwahi kuwa Kifaransa.

Sikukuu hiyo haikuwepo kwa mababu. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakavuka ziwa, na mwaka 1885 wakaikabidhiwa Mpala, kusini ya Kalemie ya leo. Wamisionari wa makanisa mengine nao walikuja. Noeli na Pasaka vikaingia kwa njia ya misioni. Utawala wa Wabelgiji nao ulikuja na kalenda yake, na siku ya kwanza ya mwaka ofisi zikawa zinafungwa.

Lakini jinsi tunavyoisherehekea ni mambo yetu wenyewe. Kwetu Noeli ni siku ya kanisa, Bonane ni siku ya tumbo. Watoto wanavaa nguo mpya, wanazunguka mlango kwa mlango wakipiga kelele "Bonane! Bonane!" hadi wapewe biskwi au pesa kidogo. Jirani Mwislamu anapelekewa sahani yake, naye siku ya Idi anairudisha ikiwa imejaa. Mtu akipita njiani wakati wa kula, anaitwa. Nyumba iliyofunga mlango siku ya Bonane inasemwa mwaka mzima.

Basi sikukuu yenyewe ilikuja na wageni, sisi tukaifanya yetu kwa kuijaza chakula na watu. Sasa tuangalie chakula.

Mihogo ilivuka bahari

Ukimuuliza mzee wa hapa chakula cha mababu ni nini, atakujibu bila kufikiri: mihogo. Bugali wake ndiyo chakula cha kila siku, majani yake ndiyo sombe. Bila mihogo, wengi wetu hatuwezi hata kufikiria maisha ya Fizi.

Hata hivyo, mihogo si mti wa Afrika. Ulilimwa kwanza Amerika ya Kusini, na Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakauleta pwani ya Atlantiki, upande wa ufalme wa Kongo. Kutoka huko ulisafiri kidogo kidogo kuingia ndani ya nchi, ukifuata mito na njia za biashara, mkulima akimpa shemeji yake fito, shemeji akimpa jirani. Mhogo hauhitaji mbegu. Unakata fito, unaufunga kwenye mzigo, unatembea siku nyingi, unaupanda, na unaota.

Mihogo ilipendwa kwa sababu moja zaidi ambayo watu wa vita wanaielewa haraka. Mahindi yakikomaa lazima uyavune, na mwenye bunduki anajua ghala iko wapi. Mhogo unakaa ardhini mwaka mmoja, hata miaka miwili. Unaweza kukimbia, ukarudi, ukaukuta. Katika nchi yenye misukosuko mingi kama yetu, zao hilo lilishinda mengine.

Karanga tunazosaga na kutia ndani ya sombe nazo zilitoka Amerika ya Kusini. Pilipili pia, na nyanya pia. Kati ya vitu vinavyoingia katika chungu cha sombe, kile ambacho bila shaka ni cha Afrika ni mawese, kwa sababu mchikichi asili yake ni huku, magharibi na katikati ya bara letu. Na samaki wetu: mukeke na ndagala ni wa ziwa Tanganyika, hawapatikani hivyo katika bahari yoyote. Wavuvi wanawavua usiku kwa taa, ndiyo maana Bonane ikiangukia kwenye mbalamwezi kali, bei ya ndagala mbichi hapa Baraka inamfanya mama kurudi nyumbani na kikapu kitupu.

Mchele na njia ya misafara

Nyumba yenye uwezo kidogo hupika pia mchele siku ya Bonane. Mchele ni chakula cha heshima. Katika Maniema, kule Kasongo na Kindu, ni zaidi ya hapo, ni chakula chao kikubwa. Kwa nini Maniema, katikati ya bara, mbali na bahari?

Ulikuja na misafara ya watu wa pwani. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Mrima walikuwa wamekwisha kuwa na kituo Ujiji wakati Burton na Speke walipofika hapo Februari 1858. Kutoka Ujiji walivuka ziwa kwa majahazi na mitumbwi, wakashuka upande wetu, wakaingia Maniema. Livingstone alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, aliwakuta wamekaa. Tippu Tip akafanya makao yake Kasongo. Wageni hao walitaka kula kama walivyozoea kwao, basi wakalimisha mpunga. Wao pia walikuwa watu waliotaka kula chakula cha kwao ugenini.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Misafara iliyoleta mpunga, nguo na lugha hii ya Kiswahili ninayoiandika, ilirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Walivukishwa ziwa kuelekea Ujiji, upande ule ule ambao sisi tulivuka mwaka 1996. Wengi hawakurudi. Katika miaka ya 1892 hadi 1894 majeshi ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji yalipigana na hao Waarabu na Waungwana yakawashinda, lakini taabu haikuisha. Utawala wa kikoloni ulileta kazi yake ya kulazimishwa, na kuanzia mwaka 1917 sheria ilimlazimisha mkulima kulima mazao yaliyotakiwa na serikali, pamba ikiwemo na mchele ukiwemo.

Mpunga ulibaki. Wajukuu wa wale waliolimishwa kwa nguvu wanaupika leo siku ya furaha. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi watu wetu wanavyoweza kuchukua kitu kilichokuja kwa uchungu na kukiweka mbele ya mgeni kwa heshima.

Unga wa posho

Kuna kitu kimoja ambacho wengi waliopita kambini hawataki kukisikia: unga wa mahindi. Lakini nao una historia yake kwetu, na ni historia ya kambi.

Kampuni ya madini ya Katanga, Union Minière, iliundwa mwaka 1906. Ilihitaji wafanyakazi maelfu na maelfu. Walichukuliwa kutoka Maniema, Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Wengi walikuwa wamezoea mihogo, ndizi au ulezi. Wakawekwa katika kambi za wafanyakazi, nyumba zimepangwa mstari kwa mstari, na chakula chao kilipimwa na kugawiwa: unga wa mahindi, maharage, chumvi, mafuta. Mgao huo uliitwa posho. Mwanzoni walilalamika. Watoto wao walizaliwa ndani ya kambi, wakakua na unga huo, na leo mtu wa Lubumbashi atakuambia kwamba bugali halisi ni wa mahindi, na kwamba sisi wa mihogo ndio tunaokula kitu cha ajabu.

Nikumbushe orodha hiyo: unga wa mahindi, maharage, chumvi, mafuta. Mtu yeyote aliyesimama kwenye foleni ya mgao Nyarugusu anaijua kwa moyo.

Bonane ya mwaka 1997

Sisi hatukuwa wa kwanza kuvuka. Wakati wa uasi wa miaka ya 1964 na 1965, watu wa Fizi na Uvira walikimbilia Kigoma, na bibi yangu alikuwa mmoja wao, akiwa mama kijana. Alirudi. Hakudhani kwamba angevuka tena akiwa mzee.

Uvira ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1996. Tulisikia milio ikikaribia kando ya ziwa, na usiku mmoja wa Novemba tuliingia katika boti la mbao, watu wengi mno, tukielekea Kigoma. Nilikuwa na miaka tisa. Tulishuka Kibirizi, tukalala mchangani, kisha malori yakatupeleka Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ambako kambi ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Huko hakuna ziwa. Hilo ndilo lililomwumiza bibi kuliko yote, kuamka asubuhi na kutoona maji.

Walitupa hema, blanketi, sufuria, na mgao. Bibi alijaribu kula bugali wa mahindi siku ya kwanza akauacha. Alisema unakwama kooni. Tulimsihi ale kama mgonjwa anavyosihiwa ameze dawa.

Ikafika Bonane, wiki chache tu baada ya kufika. Hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya sikukuu. Bibi ndiye aliyeamua. Alifungua mzigo wake akatoa chupa ya mawese, kama nusu lita, ambayo alikuwa ameificha tangu Fizi bila kumwambia mtu. Tulishangaa, kwa sababu wakati wa kukimbia tuliacha mpaka viatu. Mama wa hema la pili alikuwa na ndagala wakavu, kiganja kimoja. Mwingine alikuwa na pilipili. Kilichokosekana ni majani.

Mimi na shangazi tulitumwa nje kutafuta. Tulifika shamba la mama mmoja Muha, mwenyeji wa huko, akiwa anapalilia mihogo yake. Shangazi alionyesha majani na kusema sombe. Mama yule hakuelewa. Shangazi akafanya kwa mikono kama mtu anayetwanga. Mama akacheka: "Ah, kisamvu!" Alituchumia majani mpaka mikono yetu ikajaa, akakataa kulipwa, na kwa kweli hatukuwa na cha kumlipa. Siku hiyo nilijifunza kwamba kitu kile kile kina majina mengi: sombe kwetu, kisamvu Tanzania, isombe kwa Warundi na Wanyarwanda, pondu kwa watu wa Kinshasa.

Kinu hakikuwepo. Tulisaga majani juu ya jiwe, tukipokezana, hadi viganja vikawa vya kijani. Bibi akachemsha kwa muda mrefu sana, akakataa kabisa tuharakishe. Alipomimina mawese, harufu ilipita hema kwa hema, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja bila kuitwa. Nakumbuka mwanaume mmoja mtu mzima aliyesimama tu pembeni ya moto, machozi yanamtoka, hasemi kitu. Alikuwa amepoteza mke wake njiani. Bibi alimpa kiti, yaani debe lililogeuzwa, akamwambia: "Baba, kaa. Bugali ni ya wenyewe, lakini sombe ni yetu. Tukule."

Tulikuwa watu zaidi ya ishirini kwenye chungu kimoja. Kila mtu alipata tonge chache. Bibi naye alikula bugali wa mahindi, mara ya kwanza, mpaka akamaliza.

Alifariki kambini mwaka 2003 na amezikwa huko.

Mtoto aliyelilia mahindi

Miaka ilipopita, watu wetu walipanda mihogo kando ya nyumba zao, sehemu ndogo waliyoruhusiwa, zaidi kwa ajili ya majani. Wakapanda lengalenga na matembele. Wakaanza kubadilishana na wanavijiji: unga wa mahindi unatoka, unga wa mihogo unaingia. Mawese hayakuwa tatizo kubwa, kwa sababu Kigoma nayo ni nchi ya michikichi. Lakini kutoka nje ya kambi bila ruhusa kulikatazwa na sheria, na kila mzigo wa mihogo ulikuwa na hatari yake. Mwezi wa Desemba bei ya unga wa mihogo ilipanda, kwa sababu kila nyumba iliutaka kwa siku moja ile.

Kuanzia mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulianza kurudisha watu Kivu Kusini kwa meli, kutoka Kigoma hadi hapa Baraka. Mimi na dada yangu tulirudi mwaka 2006. Shangazi alibaki.

Bonane yetu ya kwanza nyumbani, dada yangu alipika kama mtu anayelipa deni: bugali wa mihogo, sombe, mukeke mbichi aliyetolewa ziwani asubuhi ile. Binti yake wa miaka mitano, aliyezaliwa Nyarugusu, alitia tonge mdomoni akalitema. "Inanata," alisema, akaanza kulia anataka ugali wa mahindi na maharage. Dada yangu aliona aibu mbele ya wageni. Alimchapa mtoto, kisha yeye mwenyewe akaingia ndani kulia.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo. Mtoto yule hakukosea. Kwake nyumbani kulikuwa kule, na ladha ya kwao ilikuwa ile ya mgao. Ni kama wale watoto wa wachimba madini wa Katanga. Leo ni mama wa watoto wawili, na siku ya Bonane anapika bugali aina mbili, na hakuna anayemcheka.

Usiku tatu za maji

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi, kama kila kitu kilitoka mbali na ladha inabadilika, tusisumbuke, tule chochote. Hapana. Kuna jambo moja ambalo halifai kupotea, nalo ni ujuzi. Hapo historia inageuka kuwa mambo ya uhai.

Mihogo michungu ina sumu. Bibi zetu walijua: unaumenya, unauloweka majini usiku tatu au nne hadi ulainike, unauanika juani ukauke kabisa, ndipo unautwanga na kuuchekecha. Majani nayo yanatwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu katika maji ya kutosha. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Walirithi kwa kutazama.

Mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli alieleza ugonjwa aliouona upande wa Kwango, magharibi mwa Congo. Watu, hasa wanawake na watoto, walikuwa wanaamka asubuhi miguu imekakamaa, na hairudi tena kama zamani. Wenyeji, Wayaka, waliuita konzo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Baadaye wataalamu waliuhusisha na kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vizuri, kwa watu ambao hawana samaki wala nyama ya kutosha ya kuusaidia mwili. Na unatokea hasa wakati wa njaa, ukame na vita. Sababu ni rahisi kuelewa: mtu anayekimbia hana usiku tatu za kungoja. Anaulowesha usiku mmoja, anakula, anaendelea na safari.

Kwa hiyo bibi alipokataa tuharakishe chungu chake kambini, hakuwa anashika mila tu. Alikuwa anatulinda. Na kijana aliyekua akipokea unga uliokwisha kusagwa ndani ya gunia, akirudi kijijini na kukuta shamba la mihogo michungu, asipokuwa amefundishwa, anaweza kuumiza watoto wake kwa chakula kile kile ambacho mama yake alikililia miaka yote.

Wanaovuka leo

Safari hazijaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka na vita kusogea uwanda wa Ruzizi, watu wetu maelfu kwa maelfu walivuka mto kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea wakishikilia chochote kinachoelea. Walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi wakapelekwa Musenyi, mkoa wa Rutana, mbali na mpaka. Huko Nyarugusu nako, mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa kukosa fedha za wafadhili, na katikati ya mwaka 2023 ulishushwa hadi nusu. Mtu anayepata nusu ya mgao hana cha kubadilishana na mihogo. Kwake yeye swali la Bonane si mihogo au mahindi, ni kama chungu kitapanda motoni.

Hata hivyo ninasikia wanavyofanya. Akina mama wanaanzisha likelemba ya chakula tangu mwezi wa Septemba, kila mmoja akiweka kando kikombe cha unga au maharage, ili Bonane ikifika kuwe na chungu kimoja kikubwa cha majirani wote. Yaani wanafanya kile alichofanya bibi na chupa yake ya mawese.

Na shangazi wa Kentucky? Anafanya kazi ya usiku kiwandani. Sombe anainunua ikiwa imegandishwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekwisha kusagwa na mashine. Unga wa mihogo unatoka duka la Waafrika, mji wa jirani. Karanga ni zile za kopo, na analazimika kusoma maandishi ya pembeni kuhakikisha hazina sukari. Mukeke hapatikani, anatia samaki wa baharini. Bonane iliyopita alikula na Wacongo wa Kivu, familia moja ya Warundi, na jirani mmoja Mmarekani mzee aliyegonga mlango kuuliza ni harufu gani hiyo nzuri. Hawakumwacha aondoke.

Shangazi, hili ndilo jibu langu, na nalitoa mbele ya wote. Mihogo ilivuka bahari kabla yako. Mchele ulivuka ziwa. Unga wa mahindi ulipita kambini. Aliyekuwa akivipika kila mara alikuwa mtu aliye mbali na kwao, au mtoto wa mtu huyo. Samaki wako wa baharini hawezi kuharibu kitu. Wewe hudanganyi mtu. Unafanya ulichofundishwa siku ile kwenye jiwe, viganja vyako vikiwa vya kijani.

Ila nina ombi moja, kwake na kwenu nyote. Bonane hii, kabla hamjapika, mkalisheni mtoto mmoja karibu na chungu, wa kike au wa kiume. Mwambieni sombe inachemshwa kwa muda gani na kwa nini. Mwambieni mhogo mchungu unalala majini usiku ngapi. Mnunue unga wa pakiti kama hakuna njia nyingine, lakini mtoto ajue ulivyotengenezwa. Siku moja atarudi, au atavuka mpaka mwingine, na hatutajua atakuta shamba la namna gani mbele yake.

Na ninyi mlio hapa Fizi, Uvira na Kalemie, mlio na ziwa mbele ya macho: kama kuna familia iliyokimbilia mtaani kwenu na chungu chake hakijapanda motoni siku hiyo, mnajua la kufanya. Mlango wa Bonane haufungwi.

Heri ya mwaka mpya. Saa tatu za usiku nitakuwa karibu na simu.